Kifuko cha resini cha kupunguza nitrati: miezi mitano na mbuna wangu, Tanga

Nina tangi la lita 120 sebuleni, hapa Ngamiani, na ndani yake wamo mbuna wa njano kumi na mmoja. Mbuna ni samaki wa Ziwa Nyasa, wanapenda maji magumu, na ndiyo maana tangu mwanzo niliwajazia maji ya kisima cha uani. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake yanaacha ukoko mweupe kwenye birika ndani ya wiki moja. Nikaona samaki wangu wamepata kwao.

Mwezi wa tatu wakaanza kuzubaa. Wawili walikunja mapezi, chakula kikawa kinabaki, na vioo vikawa vinaota mwani kila baada ya siku tatu. Maji yenyewe meupe pe, hayana harufu. Nikapima kwa kipimo cha matone: amonia hakuna, nitriti hakuna, nitrati, ile inayobaki mwishoni uchafu wa samaki unapooza, rangi ya chungwa hafifu, nikasema si mbaya.

Hapo nilikosea, na najua si peke yangu. Kwenye kipimo changu, chupa ya pili ya nitrati ina kitu kinachotuama chini. Usipoitikisa kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kudondosha, kisha ukatikisa na neli yenyewe dakika nzima, rangi inatoka ya uongo. Mimi nilikuwa naipinduapindua tu. Siku nilipofuata maelekezo na kungoja zile dakika 5, neli iliiva nyekundu kama juisi ya rozela. Miligramu 80 kwa lita.

Kila mfugaji wa samaki anajua dawa ya kwanza ni kubadilisha maji. Nikatoa nusu nikajaza, siku ya tatu nikatoa nusu nyingine. Ikashuka, ikafika 40, ikagoma. Ndipo nikapata wazo la kupima kisima chenyewe. Nilisimama dirishani na ile neli, nikaisogeza kwenye kadi ya rangi mara tatu, nikamwita na mke wangu aangalie. 40, kabla samaki yeyote hajaingia. Wiki zote zile nilikuwa nabadilisha nitrati kwa nitrati.

Ukifikiri, haishangazi. Nyumba zetu zimebanana na kila ua una choo cha shimo. Uchafu unaooza chini hutoa amonia, bakteria wa kwenye udongo wanaigeuza nitriti halafu nitrati, kazi ileile inayofanyika kwenye filta, na nitrati haishikwi na udongo, inateremka na maji.

Samaki nikawaacha kidogo, maana dada wa chumba cha pili ana mtoto wa miezi miwili, na maziwa ya kopo anayakoroga kwa maji ya kisima. Nikaenda kumgongea.

"Lakini mimi nayachemsha, kaka," aliniambia.

"Dada, moto unaua vijidudu. Nitrati haitoki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea."

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wa maziwa ya kopo, kwa kuwa nitrati nyingi inafanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni. Sisi tulikuwa 40, na nitrati ya kisima haibaki kiwango kilekile mwaka mzima. Tangu siku hiyo mtoto anatengewa dumu lake la maji ya bomba. Hayo nilipima kwa jirani: njano ya juu kabisa kwenye kadi, karibu na sifuri.

Utauliza kwa nini samaki nao wasipewe ya bomba. Nilipoyapima ugumu yalikuwa laini mno kwa mbuna. Wenye tetra au samaki wengine wa maji laini, anzeni hapo, mtaokoa pesa.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni mawe ya filta yenye vinyweleo. Muuzaji alinihakikishia nitrati itakwisha kwa wiki. Niliyaweka miezi miwili, rangi haikusogea. Mawe yenyewe si mabaya, yanalea bakteria wa amonia vizuri sana. Lakini bakteria wanaovunja nitrati hufanya kazi mahali pasipo na oksijeni, ndani kabisa ya jiwe, na maji yanatakiwa yapite taratibu. Filta yangu inasukuma lita 800 kwa saa. Muuzaji angeniuliza tu filta yangu inasukuma kiasi gani ningebaki na hela yangu.

Cha pili ni kifuko cha resini, chengachenga za rangi ya asali ndani ya wavu laini. Kilikuja na basi kutoka Dar es Salaam. Hakitegemei bakteria: chembe za resini zimebeba kloridi, zinaiachia na kushika nitrati. Nilikiosha, nikakiweka nyuma ya sponji ili uchafu usikizibe. Siku ya tano nilikuwa nimetoka 80, ambako tangi lilikuwa limerudi, hadi 40. Kisha kikasimama, kimeshiba. Nikakiloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi ya mawe, gramu 100 kwa lita, nikakisuuza vizuri, nikakirudisha. Wiki iliyofuata nilisoma 20. Mapezi yalikunjuka, na dume mkubwa akarudia kuchimba mchanga chini ya jiwe lake. Nilikaa chini nikamtazama hadi chai ikapoa.

Sasa sikilizeni hili, maana kwenye pakiti yangu halikuandikwa kwa herufi za kuonekana. Mwezi wa pili wa kutumia kifuko, samaki mmoja alitoka madoa meupe, nikatia chumvi kwenye tangi kama dawa, kifuko kikiwa ndani ya filta. Asubuhi nitrati ilikuwa imerudi 80. Chumvi ndiyo inayosafisha resini. Ukiitia tangini, resini inatema kila ilichokusanya, mbele ya samaki wako. Nilipoteza wawili ndani ya siku tatu. Siwezi kujua ni madoa au ni nitrati, lakini kifuko nilipaswa kukitoa kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, kisima chako kikiwa cha chumvichumvi, kama vingi vilivyo karibu na bahari, resini itakufaa kidogo au isikufae kabisa. Onja kwanza, ndiyo ununue.

Siku hizi sikiweki tena kwenye filta. Jioni najaza pipa la lita 30 maji ya kisima, natumbukiza pampu ndogo na kifuko mbele ya mdomo wake, asubuhi maji yako chini ya 10, ndiyo naingiza tangini. Nafanya hivyo kila Jumamosi. Maji ya chumvi niliyolowekea nayamwaga mbali na mimea. Mchicha wa mama mwenye nyumba uliungua majani mara moja, nikamwomba radhi. Na maji ya pipa hilo hatunywi, resini hii haikutengenezwa kwa matumizi ya binadamu.

Kifuko kimeshalowekwa mara kumi na nne. Chengachenga zimekuwa za hudhurungi na kazi iliyokuwa ya usiku mmoja sasa inachukua siku mbili. Nimeagiza kingine, kilekile.