Msitu wa Karura, Nairobi: uzoefu wangu nikiwa na watoto

Mtu akitoka Karura atakusimulia vitu viwili: maporomoko ya maji na mapango ya Mau Mau. Nimeviona vyote viwili, nikiwa na wifi yangu na watoto wake, na rai yangu ni kwamba hivyo ni kisingizio tu cha kukuingiza msituni. Raha yenyewe iko njiani. Anayekwenda mbio akapige picha maporomokoni kisha arudi garini atasema hela yake imepotea, na mimi sitambishia.

Kwanza ujue ukubwa wake. Ni zaidi ya hekta 1,000 za miti ndani ya jiji la Nairobi, zimezungukwa na mitaa ya Muthaiga, Gigiri na Runda, na barabara ya Limuru imekata kipande kimoja kikabaki upande wa pili, kile kinachoitwa Sigiria. Sisi tuliingilia lango la Limuru Road, mkabala na ubalozi wa Ubelgiji. Matatu zinazokwenda Ruaka au Banana zinakushusha karibu. Kuna lango jingine upande wa Kiambu Road, linalowafaa wanaotokea huko. Ada hulipwa kwa simu, si taslimu, na mkenya, mkazi na mgeni kila mmoja ana kiwango chake, kwa hiyo beba kitambulisho na uhakikishe simu ina chaji.

Mikoba hukaguliwa. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na misitu ya Kenya, na hapa hawacheki na mtu. Familia iliyotutangulia ilikuja na katoni nzima ya maji ya chupa, ikabidi yarudi garini. Wifi alijua mapema, akajaza maji kwenye chupa za chuma na chakula akakipanga kwenye makontena.

Njia ni za udongo mwekundu, pana, na kila makutano yana nguzo yenye namba. Piga picha ya ramani iliyo langoni, maana ukiishika namba huwezi kupotea. Sehemu za mwanzo zina mikaratusi mirefu iliyonyooka, harufu yake inakufungua pua, lakini chini yake ni kukavu na hakuna ndege wa maana. Ukisonga mbele ukaingia kwenye miti ya asili, mihugu na mizeituni ya porini, mwanga unapungua, baridi inakushika shingoni na kelele zinaanza. Mimi mtu wa Mombasa, baridi ya Julai ilinifanya nijitande leso mbili. Tuliwasikia hondohondo kabla ya kuwaona. Wakiruka mabawa yao huvuma hadi unainua kichwa bila kutaka. Mbega weusi kwa weupe tuliwaona kwa mbali, wametulia juu kabisa. Hao walirudishwa hapa kwa kuhamishwa kutoka kwingine, baada ya kutoweka kwa miaka mingi.

Kima hawana utulivu huo. Tulikaa kwenye gogo mtoto mdogo ale hamri lake. Kima mmoja alishuka kwa upande wa nyuma wa mti, akatembea chini kama mwenye shamba, akasimama hatua tatu kutoka kwetu akimtazama mtoto mkononi, si usoni. "Shangazi, huyo anakuja!" Nilipogeuka, hamri lilikuwa limeshapanda mti. Alilila polepole mbele yetu, akidondosha makombo kwa kima jike aliyekuwa chini na kichanga kimemng'ang'ania tumboni. Kwa hiyo chakula kifunguliwe kwenye sehemu za pikiniki, wawepo watu wazima wa kulinda. Na msiwalishe, ndiyo sababu wamekuwa hivyo.

Maporomoko yana urefu wa kama mita 15. Kuyafikia kutoka lango letu ni karibu saa nzima kwa mwendo wa mtoto. Unashuka ngazi, unapishana na wanaopanda wakihema, kisha unayasikia kabla hujayaona. Ni mazuri, sikatai, ila maji ni ya kahawia na usithubutu kuyanywa wala kuoga, kwani mto unapitia kwa watu kabla ya kufika hapo. Wikendi pia utapanga foleni ya picha. Mbele kidogo kando ya mto ndipo pazuri zaidi: mianzi, miamba iliyoota ukungu wa kijani, na hakuna aliyesimama kujipiga picha.

Mapango ni madogo kuliko jina lake. Unainama, unawasha tochi ya simu, popo wanalalamika, na ndani ya dakika chache umemaliza. Lakini mkubwa wa watoto aliuliza watu walilalaje humo, na hapo ndipo pango likawa kubwa. Ni maficho ya wapiganaji wa Mau Mau, waliopambana na wakoloni wa Kiingereza miaka ya 1950, na ukikaa kimya humo, unyevu unakutonea mgongoni, huhitaji kibao cha maelezo. Kuna na tanuru la zamani ambamo Benki Kuu ilikuwa ikichomea noti chakavu. Watoto walilizunguka muda mrefu kuliko pango lenyewe wakitafuta iliyosahaulika.

Ningependa nizungumzie usalama, maana ndilo swali nililoulizwa na kila mtu niliporudi. Wifi amekulia Nairobi, na anasema zamani ukitaja Karura watu walishtuka: ilikuwa ni mahali pa majambazi na maiti za kutupwa. Kabla ya hapo vipande vyake vilikuwa vimeshaanza kugawiwa kimyakimya wajenzi wa majumba. Mwaka 1998 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walianza kuingia kupanda miti palipofyekwa, na tarehe 8 Januari 1999 walipokwenda tena kupanda mti, walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa, yeye akapasuliwa kichwa. Kelele zilipanda hadi nje ya nchi, na Agosti mwaka huo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka kumi baadaye jumuiya ya Marafiki wa Karura iliundwa, ikashirikiana na idara ya misitu kuweka ua wa umeme, na vijana wa mitaa ya jirani wakaajiriwa kuwa walinzi. Leo unawaona wanawake wakikimbia peke yao asubuhi na vipokea sauti masikioni. Hilo ndilo unalolipia pale langoni, zaidi ya maporomoko. Wapo wanaosema ua na ada vimewafungia nje watu wa kipato cha chini, na hoja yao ina uzito: familia ya watu sita, ikijumlisha na nauli ya kwenda na kurudi, huhesabu mara mbili. Mimi hata hivyo naona afadhali msitu wenye ua kuliko ua bila msitu.

Baiskeli za kukodi zipo karibu na lango. Jaribu breki kabla hujalipa, maana miteremko si ya mchezo, na kama uko kwa miguu sogea pembeni ukisikia kengele, wengine hawapunguzi mwendo hata kidogo. Mbwa wanaruhusiwa wakiwa wamefungwa kamba. Mtoto anayewaogopa aambiwe mapema.

Mvua ikinyesha usiku, subiri. Udongo ule mwekundu unanata kwenye viatu mpaka kila mguu unakuwa mzito, na kwenye mteremko wa maporomoko unateleza vibaya. Makubadhi yaache nyumbani. Wazee wenye magoti mabovu wasishushwe kule mtoni, wakae kwenye nyasi karibu na lango, pana kivuli na vyoo visafi. Na kama unaweza, nenda siku ya kazi asubuhi: Jumapili kuanzia saa nne maegesho yanajaa, na wale wa foleni ya picha wameshafika.