Waosha magari wa Majengo, Moshi: kwa mavi ya ndege hawa jamaa wako vizuri

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimewanyima kwa sababu ya muziki, spika iko sikioni kabisa halafu benchi la wateja wameliweka juani, ukisubiri unaiva.

Mi napaki Shanty Town chini ya ile miti mikubwa, wenyeji mnaijua, na mnawajua pia kunguru na wale kwarara wa kupiga kelele alfajiri wanaolala mle juu, basi ikifika asubuhi boneti la IST nyeusi lina madoa meupe utadhani kuna mtu alikuwa anapaka nyumba chokaa. Sehemu nyingi nikipeleka, jamaa anashika tambara anaanza kusugua hapo hapo. Hawa hapana. Kijana kaniambia "Mangi tulia kwanza, hii ukiisugua kavu umeshachora rangi", akalowesha vitambaa, akafunika kila doa, akaondoka zake kwenda kuosha ringi. Kurudi akayainua yale madoa taratibu na shampuu, mengine yakaachia yenyewe, ndo mashine ya presha ikafuata.

Kulikuwa na mzee kwenye foleni anabisha eti wanapoteza muda, maji si maji tu. Aisee hapana, dogo yuko sahihi. Ile nyeupe sio mavi, mavi ni ile nyeusi au kijani ya katikati, nyeupe ni mkojo, ndege hana njia mbili kama sisi, vyote vinatokea tundu moja. Sisi, ng'ombe, mbwa, ule uchafu wa naitrojeni unaobaki mwili ukishatumia protini, ini linaugeuza kuwa yurea, na yurea inayeyuka kwenye maji kirahisi mno, shida yake inataka maji mengi kuitoa. Ndege, nyoka na mijusi wao wanatengeneza asidi ya yuriki, hiyo kwenye maji karibu haiyeyuki, lita nzima ya maji ya kawaida inabeba kama miligramu 60 tu, kwa hiyo inaganda chembechembe, maji yanarudishwa mwilini, kinachotoka ni uji mzito mweupe. Kwa nyoka hutoka hata mabonge makavu magumu, ukikuta kitu cheupe kwenye kizimba cha chatu usidhani wamemwaga saruji. Na wala huhitaji kwenda kutafuta nyoka, angalia kinyesi cha mjusi kafiri ukutani kwako, cheusi na kanundu keupe mwishoni, hako kanundu ndo mkojo wake.

Faida sio kubana maji tu. Kifaranga ndani ya yai hana pa kukojoa, yurea ingejaa mle ikamtia sumu, ila asidi ya yuriki inaganda pembeni inakaa haimsumbui mpaka anaangua. Bure lakini sio, kuitengeneza kunakula nguvu nyingi kuliko yurea. (Hata sisi tunayo kidogo kwenye damu, ikizidi inaganda kwenye viungo ndo hiyo gauti, wazee wa nyama choma na bia mnanielewa.)

Sasa rudi kwenye boneti. Doa la hivyo hulimalizi kwa kulimwagia ndoo ya maji, haliyeyuki, linalainika tu kisha linaachia, ndo maana ya kulowesha na kusubiri. Ukisugua kavu zile chembe pamoja na mchanga aliokula ndege vinakwaruza, na ukiliacha siku kadhaa kwenye jua linaharibu rangi ya juu, hapo hata polishi inaweza isisaidie. Kwa hiyo wakikuambia kaa kidogo, kaa.

Ndani wanafanya kawaida tu, vumbi la chini ya siti waliliruka mpaka nikawaonyesha kwa kidole. Vioo safi. Buku saba nje na ndani kwa gari ndogo, Noah wanaongeza, na ya kulowesha madoa hawachaji, ila sema mapema kabla hawajawasha mashine maana siku wateja wakiwa wengi jamaa wanasahau. Jumapili usiende baada ya ibada, panajaa. Malipo hata kwa simu wanapokea.