Tathmini: Kikosi cha Kuangusha Mikaratusi Mikubwa Mteremkoni, Loresho

Wanaoishi kando ya mabonde ya mito upande wa Loresho na Kitisuru, jijini Nairobi, wanaijua mikaratusi mizee iliyosongamana huko, na huenda wanakumbuka kwamba mwaka wa 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza iondolewe kwenye kingo za mito kwa jinsi inavyofyonza maji. Wetu ulisalia, shina likanenepa hadi kupita upana wa mita 1, ukaanza kuuelemea ukuta wa jirani. Kampuni tuliyoiajiri sitaitaja, kwa kuwa nina lalamiko nayo.

Kazi ya kukata ilikuwa ya hali ya juu. Msimamizi aliuzunguka mti akipima ulivyoinama, akaamuru vichaka vifyekwe ili kila mkataji awe na njia ya kukimbilia, kimshazari kwenda nyuma ya upande wa kuangukia. Kisha akagoma kuendelea: "Mama, leo hatuuangushi. Upepo huu utatuchezea." Nilikereka, maana kibali cha kaunti kilikuwa mkononi, ila haki ilikuwa yake.

Waliporudi, walisimama upande wa juu wa mteremko ili gogo lisije likawabingirikia. Walichonga mdomo, yaani pengo la upande wa kuangukia, wenye kina cha kama robo ya shina, kisha wakakata kutoka nyuma huku wakipigilia kabari ili mti usiubane upanga wa msumeno. Ukanda usiokatwa katikati, yaani bawaba, ndio huuongoza mti unapoanguka, na kwa kawaida huachwa uwe takriban sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Kisiki bado kipo, na nyuzi za bawaba hiyo zimesimama kwa unene ulio sawa toka upande mmoja hadi mwingine. Fundi wa kubahatisha huikata ikaisha upande mmoja, mti ukajiendea unakotaka. Huu, ukivutwa kwa kamba na winchi, ulilala kimshazari kuvuka mteremko, kwa sababu gogo zito likiangushwa moja kwa moja kuelekea bondeni hupasuka au huteleza hadi mtoni. Mikuyu iliyouzunguka haikuvunjika hata tawi la maana.

Lalamiko langu ni la baada ya hapo. Magogo yalikatwa vipande yakaachwa bondeni, matawi yakitanda juu ya kijia cha watu, na tulipouliza tukajibiwa kwamba kuyapandisha ni kazi nyingine yenye malipo yake. Winchi ilikuwa papo hapo! Hakuna aliyetutajia jambo hilo tulipokuwa tukipatana bei.

Bei yenyewe ni kubwa kuliko ya vijana wanaopita mitaani na msumeno begani, nami naiona halali, kwani walikuja na kofia ngumu, suruali za kinga na bima ya wafanyakazi. Kwa kupogoa mparachichi wa uani, hawana haja ya kuitwa. Kwa mti mkubwa ulio mteremkoni, nitawaita tena, ila safari hii atakayeyatoa magogo ataandikwa kwenye mkataba kabla msumeno haujawashwa.