Matairi ya Vitz, IST na Passo kwa barabara za Nyanda za Juu Kusini: soma tarehe kwanza, kashata baadaye

Mtu akienda kutafuta tairi Mwanjelwa ya Mbeya au Mlandege ya Iringa, kitu cha kwanza anachofanya ni kupitisha kidole kwenye kashata, yaani ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara. Akiikuta nene anaridhika, kinachobaki ni kuvutana bei. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana matairi yenye kashata nene hutundikwa mbele ya duka. Lakini ukiwa unashuka Iwambi kuelekea Mbalizi, mvua inanyesha na mbele yako kuna semi imewasha taa za breki, kashata ni nusu ya habari. Nusu nyingine, ambayo karibu hakuna anayeiuliza, ni umri wa mpira wenyewe.

Saizi sitaizungumzia sana. Iko kwenye bandiko la nguzo ya mlango wa dereva: Vitz nyingi 165/70R14, IST nyingi 175/65R15, Passo nyingi 155/65R14, Spacio 185/70R14. Usikubali nyingine kwa sababu tu duka limeishiwa. Wanaofunga 185/65R15 kwenye IST ili gari liinuke wanapata milimita sita na nusu chini ya gari, basi, na tairi linaweza kuanza kusugua wakikata kona wamepakia watu watano. Namba inayofuata saizi, mfano 84, ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba: 84 ni kilo 500, 81 ni kilo 462, 75 ni kilo 387. Usishuke chini ya ile iliyokuja na gari.

Sasa tarehe. Tafuta ubavuni herufi DOT. Zinafuatwa na msururu wa herufi na namba, na mwisho kabisa kuna tarakimu nne, mara nyingi zimezungushiwa umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 0924, tairi lilitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2024. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, liache lilipo. Mara nyingi tarakimu hizi huwekwa upande mmoja pekee. Upande wa pili utaona DOT na msururu mfupi usio na tarehe. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hili halina tarehe", mwambie aligeuze. Ukikuta sehemu ya tarehe imekwanguliwa au imepakwa ile rangi nyeusi ya kung'arisha mpaka haisomeki, hapo hakuna mazungumzo tena, nenda duka la pili.

Kwa nini umri una uzito hivyo? Mpira wa tairi huchanganywa na nta na kemikali za kuulinda dhidi ya ozoni. Nta hiyo husukumwa kuja juu tairi linapozunguka na kujikunja. Tairi lililotundikwa ukutani halijikunji, kwa hiyo halijilindi vya kutosha. Wakati huohuo oksijeni inapenya ndani polepole, joto linaharakisha kazi na jua linamalizia. Baridi ya Mbeya huwadanganya watu wakadhani jua la hapa ni dogo. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kadiri unavyopanda. Tairi linaloanikwa mbele ya duka kila siku kuanzia Mei hadi Oktoba, mbingu nyeupe bila wingu, linakaangwa.

Mpira uliozeeka hukakamaa. Barabara ikiwa kavu hutagundua kitu. Gari litakwenda vizuri na utamsifu muuzaji. Siku lami ikiloa, mpira mgumu unashindwa kujibonyeza kuzifuata kokoto ndogo zilizo juu ya lami, na mshiko unapotea hata kama kashata ina milimita saba. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei, na upande wa Tukuyu haijui kalenda. Lami iliyoloa ndiyo barabara yetu ya kawaida kwa nusu ya mwaka.

Kabla ya kulipa, shika kitufe kimoja cha kashata, kile kipande cha mpira kilicho kati ya mifereji, kisukume upande kwa kidole gumba, na utazame chini ya mfereji. Ukiona nyufa ndogo ndogo, mpira umekauka. Fanya hivyo pia pale ubavu unapokutana na kashata. Usitegemee weusi wa tairi. Ile rangi ya kung'arisha hulifanya hata tairi la miaka tisa lionekane limetoka kiwandani jana.

Mipaka yangu ni hii. Tairi jipya lisilozidi miaka miwili tangu litengenezwe, nunua kwa bei ya kawaida. Kati ya miaka miwili na mitatu, nunua kama limepunguzwa bei na lilikuwa limehifadhiwa ndani. Likizidi mitatu, liache, maana umri huanza kuhesabiwa siku lilipotoka kiwandani, haungoji ulifunge kwenye gari. Michelin wenyewe wanashauri kwamba tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na mtaalamu walau mara moja kwa mwaka, na likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama bado linaonekana zima. Miaka 10 ni ukomo wa mwisho kabisa, na kwa jua letu usiusubiri ufike.

Muuzaji atakuja na lile jibu lao: "Dada, hili halijatembea hata kilomita moja." Ni kweli halijatembea. Lakini analiuza kwa bei ya lililoingia mwezi uliopita, na hapo ndipo pananikera. Mkate wa juzi unashushwa bei; tairi la miaka minne halishushwi, na ukiuliza unaonekana mjuaji. Likija suala la bei ya hapa na ya Dar es Salaam, kisingizio ni usafiri. Dar mpaka Mbeya ni kilomita 830 hivi, hakuna anayebisha. Ila tairi la IST lina kilo nane hivi, na lori moja linabeba mamia kwa mamia. Ulizia nauli ya matairi manne kama mzigo wa basi, jumlisha na bei ya Dar, kisha linganisha na unachotajiwa Kabwe au Makambako. Tofauti ikibaki kubwa, agiza. Sharti liwe moja: muuzaji wa Dar akupigie picha ya tarakimu nne za kila tairi, yote manne, kabla hujatuma hela. Anayekataa kupiga picha nne ameshakujibu.

Tuje kwenye chaguo lenyewe.

La kwanza ni Michelin Energy XM2+, na sifichi kwamba hapa napendelea. Mchanganyiko wake wa mpira umejengwa kwa silika, na silika ndiyo inayosaidia mpira ushike lami iliyoloa. Waliolitengeneza walilenga lisimame karibu kwenye maji hata baada ya kashata kulika, na hiyo ndiyo haja yetu hasa, maana hapa hakuna anayebadilisha tairi likiwa bado zuri. Ni ghali. Usipolipata kwa saizi yako usihangaike miezi, shuka nafasi ya pili.

Nafasi ya pili wanakaa wawili, Bridgestone Ecopia EP150 na Yokohama za jamii ya BluEarth. Yote mawili yametengenezwa kupunguza mafuta, yanaviringika kwa wepesi. Kati ya hayo sichagui jina, nachagua tarehe. Ecopia la miezi minane linalishinda BluEarth la miaka mitatu, na kinyume chake.

Ya tatu ni matairi mapya ya China: Linglong, Triangle, Westlake na wenzao. Kwa safari za mjini Mbeya, Soweto mpaka Uyole na kurudi, yanafanya kazi. Angalia kitu kimoja cha ziada: wakati mwingine husafirishwa yamesokomezwa moja ndani ya jingine ili kontena libebe mengi, na ule mdomo wa tairi unaokaa kwenye rimu hupinda. Uzungushe mkono mdomoni. Ukiona umejikunja au hauko duara, upepo utakuwa unavuja kila wiki na fundi atalaumu rimu.

Mwisho ni mtumba wa Japani, na hapa inabidi tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoumia wakidhani wamepata. Jiulize kwanza: Mjapani anatupa vipi tairi lenye kashata nene hivyo? Mara nyingi ni kwa sababu lilikuwa tairi la theluji. Matairi hayo yakiwa mapya yana kashata ndefu kuliko ya kawaida, na katikati ya mifereji kuna vivimbe vinavyoonyesha kwamba nusu imelika. Yakifika hapo hayafai tena kwa theluji, basi mwenye gari anayatoa. Kashata iliyobaki ni karibu milimita tano, na hiyo ndiyo inayokuja kusifiwa Mwanjelwa.

Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au alama ya chembe ya theluji ndani ya mlima, au majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx. Vitufe vyake vina mikato mingi myembamba kama ya wembe. Mwisho wa saizi mara nyingi kuna herufi Q, ambayo ni mwendo wa juu wa kilomita 160 kwa saa, wakati tairi la kawaida la gari dogo huwa S, T au H. Mpira wake umechanganywa kwa barabara iliyo chini ya nyuzi joto 7. Kuna wauzaji wanaosema huku kwetu ni baridi kwa hiyo yanafaa zaidi. Hapana. Hata Njombe mwezi wa Julai, jua likishapanda lami inapita nyuzi hizo mbali. Tairi linalegea, gari linayumba kwenye kona, breki inahitaji umbali mrefu zaidi na kashata inalika haraka. Likishazeeka, ule ulaini nao unaondoka na unabaki na mikato tu.

Kuna na ya kuchonga, yaani kashata iliyokwisha inachimbwa upya kwa kisu cha moto. Tairi la gari dogo halina mpira wa akiba wa kuchimba. Chini yake ni waya. Tazama ndani ya mifereji: kila tairi lina vijiti vya mpira vinavyovuka mfereji, vyenye kimo cha milimita 1.6, vya kuonyesha mwisho wa kashata. Vikiwa vimekatwa au havionekani, na mifereji haina kina sawa, limechongwa. Mtumba unaoweza kukubalika ni wa kawaida, usiozidi miaka minne, wenye milimita tano au zaidi, usio na kiraka ubavuni, na ndani yake umulikwe kwa tochi kutafuta mikunjo au nyuzi zilizotokeza. Ukiupata wenye sifa zote hizo utaambiwa bei inayokaribia ya Mchina mpya. Chukua Mchina mpya.

Kwenye kufunga, kataa nyundo na vyuma kama kuna mashine jirani. Mdomo ukichanwa tairi jipya limeshaharibika. Lipia valvu mpya za mpira kwa kila rimu, ni hela ndogo. Omba balansi, yaani kusawazisha uzito wa kila gurudumu, na alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, ufanye siku hiyohiyo, hasa kama matairi ya zamani yalilika upande mmoja. Nati za rimu za Toyota hizi ndogo hukazwa kwa nguvu ya 103 Nm. Fundi anayepanda juu ya spana kwa miguu miwili anakunyoshea bolti. Rudia kuzikaza baada ya kilomita 50 mpaka 100. Na kwenye risiti, andikisha zile tarakimu nne za kila tairi, ili likivimba ubavu baada ya wiki mbili pasiwe na ubishi ni lipi uliuziwa.

Ukinunua mawili tu, mafundi karibu wote watayafunga mbele kwa sababu Vitz, IST na Passo nyingi huvutwa na miguu ya mbele. Waambie wayafunge nyuma, mazuri ya zamani yaende mbele. Mbele ikiteleza kwenye maji unaachia mafuta na gari linarudi. Nyuma ikiteleza kwenye kona za Kitonga, gari linageuka na dereva wengi hawaliwahi.

Ukimaliza, fungua buti utoe spea. IST na Vitz nyingi bado zina ile nyembamba ya manjano iliyokuja na gari, na gari likiwa la 2003, spea huwa ya 2003. Inatakiwa ijazwe 60 psi, isipite kilomita 80 kwa saa, na mara nyingi utaikuta haina hata upepo.