Amlodipini ya miligramu 10: presha ilishuka, miguu ikavimba

Nimetumia amlodipini, dawa ya kushusha presha, kwa miaka mitatu, na tathmini hii inahusu hasa kidonge cha miligramu 5 na kile cha miligramu 10, kwani kwangu vimekuwa kama dawa mbili tofauti.

Dawa hii hulegeza mishipa ya damu kwa kupunguza kalsiamu inayoingia katika misuli ya kuta zake, na kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, humezwa mara moja tu kwa siku. Kwa miligramu 5 maudhi yalikuwa machache: kichwa kuuma na uso kupata joto siku za mwanzo, kisha basi. Presha ilipokuwa bado juu, daktari alinipandishia dozi hadi miligramu 10. Vipimo vikawa vizuri, lakini mwezi haukwisha kabla vifundo vya miguu havijavimba, hata viatu nilivyovivaa asubuhi bila shida vikawa vinanibana jioni.

Nilidhani ni maji yaliyozidi mwilini, nikaomba dawa ya kukojosha. Daktari, baada ya kupima moyo na figo, alinieleza kuwa uvimbe huu hautokani hasa na mwili kuhifadhi chumvi na maji: mishipa midogo inayoleta damu hutanuka kuliko ile inayoirudisha, majimaji yakasukumwa kuingia katika nyama za miguu, na ndiyo maana dawa ya kukojosha huusaidia kidogo tu. Alinirudisha kwenye miligramu 5 na kuniongezea losartani, dawa nyingine ya presha, ambayo hutanua pia mishipa ya kurudisha damu (lakini haifai kwa mjamzito). Baada ya wiki chache soksi ziliacha kunichora. Enalaprili, nayo dawa ya presha, aliiepuka, kwa kuwa zamani iliniletea kikohozi kikavu kilichokoma tu nilipobadilishiwa dawa.

Lawama yangu ni kwa karatasi ya maelezo iliyomo kwenye pakiti, ambayo iliutaja uvimbe katikati ya orodha ndefu bila kusema kwamba huongezeka kadiri dozi inavyopanda.

Kidonge cha miligramu 5 nakipa alama nne kati ya tano. Cha miligramu 10, mbili. Fizi kukua kupita kiasi, ambako pia huweza kuletwa na dawa hii, bado hakujanipata, ingawa daktari wa meno hunikagua kila niendapo.