Hakuniambia nisamehe: mwaka mmoja kwa kaunsela, Nakuru

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtu hutafuta kwanza. Saa moja kwa kaunsela wangu ni shilingi 2,500. Mimi nalipa 800. Siku ya kwanza aliniwekea mezani karatasi yenye viwango vitatu, akaniambia nichague kinacholingana na mfuko wangu, hataniuliza risiti wala maelezo. Mimi ni fundi wa nguo karibu na Top Market. Karatasi ya mshahara ningeitoa wapi? Nilichagua cha chini kabisa nikasubiri anikunjie uso. Hakukunja.

Kilichonipeleka ni moshi wa tairi. Jumanne ya 25 Juni 2024, vijana walipokuwa mjini wakipinga Mswada wa Fedha, moshi ulifika hadi kibandani kwangu. Nilikuwa nakata sketi ya sare. Kitu kilichofuata ninachokumbuka ni mteja akiniita, "Mama! Mama!" na mimi niko chini ya meza, mkasi mkononi. Sikuwa nimezirai. Nilikuwa nimerudi Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ile Ijumaa ya tarehe 25 tuliyotoka nyumbani na mama tukiwa na beseni na godoro moja, tukaishia uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wengine. Nilikuwa kidato cha pili. Miaka 16 yote nilidhani yale yameisha.

Kabla yake nilijaribu kwingine, sitapataja. Niliwekewa fomu ya maswali tisa, ile ya kuulizwa wiki mbili zilizopita umekosa usingizi mara ngapi, umekosa hamu ya kula mara ngapi. Nikajaza, ikajumlishwa, nikaambiwa alama zangu ni za juu na kwamba wenzangu walishasamehe kitambo, kwa nini mimi nimeng'ang'ania. Dakika ishirini hazikuwa zimeisha. Nilitoka pale nikijiona mjinga, tena mjinga aliyelipa nauli.

Huyu wa sasa pia ana fomu hiyo. Tofauti ni kwamba aliitoa mara ya tatu tulipokutana, tukaisoma pamoja swali kwa swali, na kwenye swali la usingizi akauliza, "Usiku unaamshwa na nini?" Nikamwambia. Hapo ndipo tulipoanzia kazi.

Lakini nilitaka kusimulia siku ya kwanza. Chumba kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Viti vitatu, vyote sawa, hakuna cha bosi. Akaniambia nichague. Nilichagua kinachotazama mlango. Akanionyesha kwamba mlango unafunguka kwa kusukuma tu, hakuna ufunguo, kisha akaniuliza kama napenda pazia liwe wazi au lifungwe. Nilishangaa. Sikumbuki mara ya mwisho mtu wa ofisini kuniuliza napenda nini.

Halafu akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa waziwazi hapa mjini. "Dada, jina langu umeliona pale mlangoni, na unajua linatoka upande gani. Kuna watu wa 2008 hawawezi kukaa na mtu wa jina kama hili, na wana sababu. Ukiona wewe ni mmoja wao niambie, leo au hata mwezi ujao. Nitakutafutia mwenzangu, na pesa ya leo nitakurudishia."

Nilitazama viatu vyake. Nakuru tunajisifu kuwa mji wa kila kabila, na ni kweli, lakini ni mji huu huu ambapo mwenye nyumba hukuuliza "kwenu ni wapi?" kabla hajakuonyesha chumba. Kwamba mtu amelitoa jambo lile kwenye kabati na kuliweka mezani, tena yeye mwenyewe, kulinifanya nikae. Nilimwambia nitabaki, nitaona. Hakujibu kwa furaha, aliitikia kwa kichwa tu na kuandika.

Mara ya nne alinipa kalamu niandike tulichopoteza. Sikujua kama kaunsela hufanya hivyo. Cherehani ya mama, Singer nyeusi ya kanyagio. Vitabu vyangu. Karo ya muhula iliyokuwa imefungwa kwenye leso. Kitanda. Majirani. Cha mwisho nilikiandika bila kukitamka, nikakunja karatasi. Hakuomba kuiona. Ninayo nyumbani, ndani ya kopo la vifungo. Alichosema ni kwamba mtu aliyechomewa nyumba na hakuna aliyewahi kuulizwa ana haki ya kukasirika, na hasira hiyo hataichukua kama dalili ya ugonjwa. Kuota moto kila usiku, hilo ndilo tungelishughulikia pale chumbani.

Na tumelishughulikia. Alitaka kunifundisha kupumua kwa kuhesabu, nikashindwa, napoteza hesabu. Akaona futi yangu ya kupimia nguo shingoni, maana nilikuwa nimetoka nayo kazini. Akasema tutumie hiyo. Sasa moyo ukianza kwenda mbio naipitisha kati ya vidole polepole, inchi baada ya inchi, navuta pumzi hadi ya nne, naitoa hadi ya kumi. Futi yangu ina inchi 60. Mara nyingi sifiki 40.

Mwezi wa tatu mwenye nyumba alinipa notisi kwa mdomo, pamoja na neno la "rudini kwenu". Tulitumia saa nzima kuandika barua, naye akanipa nambari ya wakili wa msaada wa bure. Kuna watakaosema hiyo si kazi ya kaunsela. Nilianza kulala wiki ile barua ilipojibiwa.

Nilipenda pia alivyoeleza mipaka ya siri mapema: atasema nje tu nikiwa karibu kujidhuru, kumdhuru mtu, au mtoto akiwa hatarini. Alipouliza kama nimewahi kuwaza kujiua nilinyamaza. Mtaani kwetu kuna mtu aliyejaribu akapelekwa kituoni kabla ya hospitali. Akaniambia anaielewa hofu hiyo, kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa, ila yeye hapeleki mtu polisi kwa kuwaza. Januari 2025 nilipoingia, hata sijakaa, akaniambia Mahakama Kuu imeamua tarehe 9 kwamba kifungu kile kinakiuka Katiba. Ndipo nikamjibu swali lake la Septemba.

Sasa malalamiko yangu, maana si malaika. Ngazi hazina njia ya kiti cha magurudumu. Mtu anayezungumza haki kila siku! Nilimwambia, akakubali kosa. Wasioweza kupanda huwaona chumba cha nyuma cha duka la dawa, na pale kila mnunuzi wa dawa ya mafua anakusikia. Jumamosi hafungui, na mimi siku za kazi nikifunga kibanda napoteza wateja. Kwa wikendi alinipa nambari ya simu 1199 ya Msalaba Mwekundu, haitozi, niliitumia mara moja na ikapokelewa. Ana kikundi cha Alhamisi. Nilienda mara mbili nikaacha, mama mmoja pale anamjua shangazi yangu.

Na siku nyingine siasa humzidi. Kuna kikao alianza kueleza historia ya mashamba ya Bonde la Ufa tangu mkoloni. Historia hiyo naijua, nimeilalia njaa. Siku ile nilikuwa nimekuja kuzungumza juu ya mwanangu anayekojoa kitandani. Nilimkatiza. Aliomba radhi, na dakika zile hakuzihesabu.

Usimwite daktari, haandiki dawa. Akiona unahitaji dawa anakuelekeza kliniki ya hospitali. Cheti chake cha usajili kiko ukutani, na ukitaka anakushushia ukisome. Sheria ya washauri nasaha ipo tangu 2014, kwa hiyo popote uendapo omba cheti.

Tarehe 25 Juni 2025 maandamano yalirudi. Asubuhi alinitumia ujumbe: "Leo unapanga nini?" Nilijibu nafunga saa sita. Nikafunga saa sita, nikaenda nyumbani kwa miguu, futi shingoni.

Sasa naenda mara moja kwa mwezi. Ukienda, beba sweta. Dirisha lake halifungi vizuri.