Nimekwenda ile ziara ya Mabaniani Mji Mkongwe, haya ndo maoni yangu

Mtoto wa dada yangu kaja likizo kutoka Chake Chake, Pemba, siku ya pili tu tunapita Hurumzi jioni kengele ya hekalu ikapigwa, akaniuliza, "Khalati, ile wanaipigia nini?" Nikanyamaza. Mie nimezaliwa Mji Mkongwe, nimekua na kengele ile, kuna siku haijamaliza adhana ya magharibi inaingia juu yake, na miaka yote hio sijawahi kumuuliza mtu hata mara moja. Niliona haya kweli. Bas nikatafuta, nikaambiwa kuna kijana anatembeza watu kwa ajili hio hasa, dini na maisha ya Wahindu wa hapa, nusu siku, 30,000 kwa mwenyeji na chakula cha mchana ndani yake. Tukaenda wawili. Naandika kwa sababu nimeona walokwenda karibu wote ni wageni, sie wenyewe hatuendi, na sie ndo tunaoishi nao mlango kwa mlango.

Mnaanzia Forodhani saa tatu. Hapo kijana anaeleza jambo nilokuwa nachanganya mpaka leo: Mhindi na Mhindu si kitu kimoja. Mhindi ni mtu asili yake India, anaweza kuwa Muislamu wa Ithnaasheri, Bohora au Ismailia, Mgoa Mkatoliki, hata Parsi, wale wa dini ya Zoroasta, na ukoo wa Freddie Mercury, yule mwimbaji alozaliwa hapa Unguja, ni Parsi, si Wahindu, ingawa watu kila siku wanawatia humo humo. Mhindu ni wa dini, ndo wazee wetu walokuwa wakimwita Baniani. Hapo hapo akatukumbusha Jairam Shivji, nyumba ya biashara ya Kihindu kutoka Kutch huko India, ambayo tangu miaka ya 1830 ilikodishwa forodha yote ya Unguja, yaani wanamlipa Sultani Seyyid Said kiasi maalum kwa mwaka halafu ushuru wanaukusanya wenyewe, baadae wakala wao Ladha Damji ndo akawa mtu mkubwa mjini. Ushuru ule ulikuwa wa pembe, karafuu, na wa watumwa pia. Nilipenda kwamba hakulificha hilo, angeweza kulipita na wengi wanalipita.

Akauliza nani anajua methali ya Baniani. Sote tukaijibu kwa pamoja, Baniani mbaya kiatu chake dawa. Halafu akasema, leo mchana mtakula nyumbani kwa Baniani. Moyo ulinishuka, maana methali hii nimeisema pengine mara elfu, dukani, kazini, na sijawahi kufikiri kuna mtu anaisikia.

Sasa hekaluni, hapa ndo penye thamani ya pesa yenu. Hekalu la Hurumzi linaitwa Shiv Shakti, Shiva na Shakti, na Shakti ndo ile nguvu ya kike ambayo kwao Mungu haelezeki bila yake. Viatu mnavua nje, wanawake mtandio si lazima lakini nguo ya heshima, simu weka kimya na picha uliza kwanza. Ile kengele kumbe kila anaeingia anaigonga mwenyewe, ni kama kubisha hodi, na pia ni kwa ajili yake mwenyewe yule mtu, mawazo ya sokoni yakatike abaki na alichokuja nacho. Mtoto wangu akaniangalia. Jibu lenyewe ndo hilo, dogo hivyo, na nilikaa miaka arubaini na kitu bila kulijua.

Tulikuta wanafanya aarti. Kuna sinia la shaba, juu yake utambi wa pamba umerowana samli na pembeni kipande cha kafuri kinawaka, anaeongoza analizungusha taratibu mbele ya sanamu kwa upande wa mkono wa saa huku watu wanaimba, akimaliza analipitisha kwa watu na kila mmoja anapitisha viganja juu ya moto halafu anajigusa usoni. Harufu ya kafuri ilipotufikia mtoto kanishika mkono kwa nguvu. Kwetu harufu ile tunaijua inapotoka, ni ya maiti aliekoshwa. Kijana akaona akatueleza kwa sauti ya chini kwamba wao wanaichoma kwa sababu kafuri ikiwaka haiachi jivu, inakwisha yote, na ndo wanavyotaka ubinafsi wa mtu uishe mbele ya Mungu. Sijui niseme nini, kitu kimoja, sie tunamsindikizia maiti wetu na wao wanaondoshea nafsi.

Na nazi pia. Wanavunja nazi mbele ya hekalu, kifuu kigumu ndo kiburi, kikishavunjika unaona ndani ni peupe. Watu wa kisiwa cha nazi na jambo hilo hatulijui.

Suala la miungu mingi niliuliza mwenyewe kwa adabu. Alijibu kwamba ukiwauliza wenyewe wengi watakwambia asili ni moja, wanaiita Brahman, haina umbo wala haielezeki, na Vishnu, Shiva, Devi, Ganesha mwenye kichwa cha tembo, ni sura ambazo binaadamu anaifikia asili ile, kila ukoo na sura yake inayowakaa moyoni. Wapo wanaosema Mungu ana nafsi yake na mja na Mungu ni wawili daima, wapo wanaosema roho ya mtu na Brahman ni kitu kimoja toka mwanzo, na wote ni Wahindu. Dini yenyewe haina muanzilishi mmoja wala kitabu kimoja. Kuna Veda nne ndo kongwe kuliko zote, kuna Upanishadi, kuna visa virefu vya Ramayana na Mahabharata, na ndani ya Mahabharata ndo imo Bhagavad Gita, milango 18 beti 700, inayosomwa sana majumbani. Kisha kuna kundi la Wahindu wanaoitwa Arya Samaj, walianza India mwaka 1875, wao sanamu hawazitaki kabisa, ibada yao ni mbele ya moto. Mie dini yangu naijua na sikwenda kuibadilisha, nilikwenda kumjua jirani, na nilitoka namjua kidogo.

Karma kaieleza vizuri kuliko nilivyozoea kuisikia kwa vijana mtandaoni, kule imekuwa kama laana tu. Ni amali, kila tendo lina matunda yake, kama hayakuonekana maisha haya yanakungoja yajayo, roho inazaliwa tena na tena mpaka siku inapofunguka, na kule kufunguka ndo moksha. Dharma ni wajibu wako, mtoto ana wake, mfanyabiashara ana wake.

Kasoro ipo na naisema. Mtoto aliuliza matabaka, kwa nini wengine walikuwa hawaguswi, kijana akajibu "hayo ya zamani" akageuka kutuonesha milango. Milango ni mizuri sawa, ile ya Kigujarati yenye vibao vidogo vidogo vinavyokunjika, lakini suali lile lilihitaji jibu. Vyengine ni vidogo, maji ya kunywa hakuna mpaka mnafika kula na jua la saa sita mnalijua, na karatasi wanayokupa ni ya Kiingereza tu. Kwa mwenyeji alielipa pesa yake hilo linaumiza, waandike na Kiswahili.

Chakula mnakula kwa bibi mmoja, mtu mzima sana, ghorofani, kazaliwa hapa hapa Unguja na Kiswahili chake ni cha mjini kitupu. "Karibuni wanangu, kosheni mikono." Dali, mchuzi wa mtindi, bamia kavu, chapati nyembamba zinatoka jikoni moja moja bado zimevimba mvuke, wali, achari ya embe. Nyama hakuna, samaki hakuna, yai hakuna. Sababu ni ahimsa, kutodhuru chenye roho, ila alisema wazi si Wahindu wote wasiokula nyama, wapo wengi wanaokula, ni yeye na jamaa zake. Mara mbili kwa mwezi, siku ya 11 ya mwezi ukikua na ya 11 ukipungua, anafunga, anakula matunda na maziwa tu. Mtoto akasema kumbe na nyinyi mnahesabu mwezi wa angani, akacheka, akasema tutahesabu nini chengine.

Kwenye kibaraza cha ndani ana mtungi wa tulsi, ndugu yake mrehani wetu, kila jioni anauwekea taa. Akatutolea daftari la hesabu la dukani kwa marehemu baba yake, jalada jekundu limepauka, ukurasa wa kwanza umechorwa alama kwa rangi nyekundu na maneno mawili ya Kigujarati, shubh, labh, heri na faida. Siku ya Diwali, sikukuu yao ya taa, usiku mfanyabiashara anaweka daftari jipya mbele ya sanamu za Lakshmi, sura ya kike ya neema na mali, na Ganesha linasomewa dua kabla halijaandikwa hata deni moja, na kesho yake kwao ni mwaka mpya. Faida inaandikwa baada ya heri, alinionesha kwa kidole, heri iko mwanzo. Lile suali la matabaka mtoto kamrudishia yeye, na bibi hakulikimbia, alisema katiba ya India ya 1950 ilipiga marufuku mtu kufanywa asieguswa, lakini sheria haiingii moyoni siku moja, hata ndoa kwenye jamii yake mwenyewe ameziona zikivunjwa kwa ajili hio na ni dhambi yao.

Nyota nne kwa tano, na nyingi katika hizo ni za bibi. Mkienda pigeni simu siku mbili kabla, watu sita ndo mwisho, na zile siku tisa za sikukuu ya Navaratri bibi hapokei wageni mchana kwa kuwa anafunga.

Tunaaga, tushavaa viatu, akamwita mtoto akampa ladu nne, vile vitamu vya duara, kwenye mfuko za kumpelekea mama yake Chake. Halafu akasema, "Na mie nina suali langu, mwanangu. Adhana yenu ya alfajiri ina maneno yamezidi, za nyengine hazina. Nayasikia tangu mdogo. Yanasemaje?"

"Sala ni bora kuliko usingizi, bibi."

Akayarudia polepole kwa Kiswahili, akatikisa kichwa. "Mie huamka hapo hapo kuwasha taa."